Sifa ya Nuru Iukabiliyo Uso

Miongoni mwa kazi za fundi umeme, ile ipewayo sifa haba kuliko stahiki yake ni kuchagua na kuweka taa za kioo cha bafuni, kwa kuwa mwenye nyumba aghalabu hudhani neno limekwisha pindi aonapo balbu moja ikiwaka katikati ya dari, ilhali mtu asimamaye mbele ya sinki akinyoa ndevu au akijipamba hahitaji chumba kiangazwe, bali uso wake udhihirike. Nuru ishukayo kutoka juu huacha giza chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu, hata mwenye siha njema akajiona mgonjwa. Fundi mahiri huweka taa mbili, moja kulia na moja kushoto kwa kioo, usawa wa macho, baina ya sentimita 150 na 165 kutoka sakafuni, ili kivuli kitupwacho na hii kifutwe na ile.

Sisi wa Bukoba na Muleba tunaihitaji hikima hiyo kuliko wengi. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini tumekaa magharibi mno, na jua hutufikia yapata nusu saa nyuma ya wenzetu wa pwani. Mara nyingi hukaribia saa moja asubuhi kabla halijachomoza juu ya ziwa, na siku za mvua, ambazo kwetu ni nyingi, mawingu hulizuia hata baada ya hapo. Watu hujitayarisha kwenda kazini, shuleni na kanisani gizani, basi taa ya kioo hapa haipambi nyumba tu, inashika zamu ya jua. Msonge wa wazee wetu, ulioezekwa nyasi mpaka chini na usio na dirisha, uliingiza mwanga kwa mlango, na aliyeketi mlangoni kusukwa au kunyolewa alipata nuru iliyomjia usoni. Nyumba za matofali zilituletea dari, na dari ikatuhamishia mwanga utosini.

Nilimtazama fundi mmoja huko Kashai akifanya kazi hii, nami nikamheshimu. Kabla ya kutoboa ukuta alifunga balbu mbili kwenye holda zenye waya mrefu, akampa msaidizi wake azishike pande mbili za mahali pa kioo, akamsimamisha mwenye nyumba mbele ya kioo kidogo cha mkononi kilichoegemezwa ukutani. «Mama, tazama chini ya pua,» alisema, huku balbu zikipandishwa na kushushwa polepole. Na mama alipotamka kwamba kivuli kimetoweka, ndipo alipotia alama kwa penseli.

Kisha aligeuza maboksi ya taa akayasoma, kazi ambayo wengi huiruka dukani. Alitaka iandikwe 3000K, nuru yenye ujoto, si 6500K yenye ubuluu. Na alitaka Ra, kipimo cha jinsi taa idhihirishavyo rangi kwa uhalisi wake, isipungue 90. Hapo ndipo insafu ya kazi yake ilipo, kwa maana ngozi nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake, na taa duni huzificha rangi hizo ikaifanya ngozi ionekane imepauka mithili ya majivu, hata msichana akajipaka poda asiyoihitaji. Alitafuta pia IP44, alama ya taa isiyodhuriwa na matone ya maji yarukayo kutoka upande wowote, na maandishi ya volti 100 mpaka 240, ili umeme upunguapo nguvu jioni taa isififie.

Ushauri wangu kwa ajengaye leo, awe Hamugembe au Kamachumu, ni kwamba fundi huyu aitwe kabla ya lipu. Waya za taa za pembeni hupita ndani ya ukuta, na bomba lake hulazwa wakati matofali yangali wazi. Pakishapigwa lipu na kubandikwa vigae, kuchimba upya ni gharama na uharibifu, na mwenye nyumba huishia kuridhika na balbu ya darini. Aulizwe pia kuhusu waya wa ardhini, na swichi iwekwe nje ya mlango, mbali na mikono yenye maji.