Mgodi wa Zollverein na Sifa ya Uzuri

Katika mji wa Essen, Ujerumani, yapo majengo ambayo yamepewa sifa ya kuwa mgodi wa makaa ya mawe ulio mzuri kuliko yote duniani. Sifa hiyo imekwisha kuzoeleka hata haiulizwi tena. Sisi twaona yafaa iulizwe, kwani neno "mzuri" likitumiwa juu ya mahali pa vumbi na jasho, hapana budi ijulikane ni mzuri kwa nani.

Mgodi huo ulianzishwa na Franz Haniel mwaka 1847, naye akaupa jina la Zollverein, yaani ule umoja wa forodha wa dola za Kijerumani ulioanza 1834. Mitaa ya Katernberg na Stoppenberg ilikua pamoja nao. Lakini wanaousifu leo aghalabu hulitazama Shimo la 12 peke yake, lililofunguliwa mwaka 1932. Wasanifu wake, Fritz Schupp na Martin Kremmer, walisimamisha kuta za matofali mekundu ndani ya fremu za chuma, na mbele yake mnara wa kupandishia makaa wenye urefu wa mita 55. Kila upande umelingana na mwenzake. Kukataa kwamba yanapendeza kungekuwa ukaidi mtupu.

Hata hivyo, shimo hilo lilijengwa kwa ajili ya makaa, si kwa ajili ya watu. Liliweza kutoa tani 12,000 kwa siku. Nao wachimbaji, hapo mwanzo, waliendelea kushuka na kupanda kwa mashimo ya zamani. Lango la fahari lilikuwa la mzigo. Mwenye kusifu mnara bila kulitaja jambo hili amesoma jalada akaacha kitabu.

Kwetu sisi walimu wa lugha, urithi mwingine wa Ruhr ni maneno. Wachimbaji waliitana "Kumpel", neno ambalo asili yake ni mtu wa kula naye mkate. Nyundo waliiita "Mottek", kutokana na Kipolandi, kwa sababu maelfu walitoka mashariki kutafuta kazi. Na baada ya mapatano ya 1961 wakaja Waturuki. Maneno hayo hayaonekani katika picha ya mnara. (Nasi tukifundisha habari hizi tusiseme "makaa" tu, maana mwanafunzi atafikiria gunia na jiko la nyumbani!)

Kazi ilikoma tarehe 23 Desemba 1986. UNESCO iliyaingiza majengo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mwaka 2010 Makumbusho ya Ruhr yalifunguliwa ndani ya jengo lililotumiwa kusafishia makaa. Uamuzi wa kutoyabomoa twaupongeza kwa moyo wote. Tunachokipinga ni sifa ile ya uzuri kutangulizwa mbele ya historia ya waliofanya kazi.

Wachimbaji waliamkiana kwa kusema "Glückauf", salamu ya kutakiana heri na kurudi juu salama. Tumejaribu darasani "Upande salama". Wanafunzi waliielewa, ila mmoja aliuliza kama mtu huambiwa hivyo akiwa bado hajashuka. Ndivyo: huambiwa kabla ya kushuka.