Cheti kwa Fundi Asiyekunja Nailoni

Nianze na Februari 2016, maana hapo ndipo walipoharibu. EPA, shirika la mazingira la Marekani, ndilo lenye mafunzo yanayojulikana sana ya kumwezesha fundi kukarabati nyumba ya zamani bila kutimua vumbi la risasi iliyomo kwenye rangi. Mwezi huo likaamua kwamba kozi ya marudio si lazima iwe na mazoezi ya mikono. Fundi anakaa mbele ya kompyuta yake, anasoma, anajibu maswali, anapata cheti cha miaka 3. Akitaka cha miaka 5, aende darasani ashike vifaa. Piga hesabu: kozi ya kwanza inamfikisha miaka 5, marudio ya kompyuta yanamwongezea 3. Inaweza kupita miaka 8 bila mkufunzi yeyote kumwona akifanya kazi yenyewe.

Kanuni yao iliyobaki ni nzuri, ilianza kutumika Aprili 2010 na sina ugomvi nayo: kozi ya saa 8, mbili kati ya hizo za vitendo, marufuku kuchoma rangi kwa moto, marufuku grinda isiyo na mfyonzo wa vumbi. Safi.

Turudi kwenye kosa. Mliotazama video za mafunzo haya mnakijua kipande cha kukunja nailoni, na mnajua kwamba wengi hukiruka. Rangi imekwanguliwa, chini kuna nailoni nzito iliyotandazwa karibu mita 2 kuzunguka eneo la kazi, juu yake kuna magamba, na katikati ya magamba kuna unga usioonekana. Unga huo ndio unaoua akili za watoto. Sasa nailoni itoke. Kwanza inanyunyiziwa maji kama umande. Ukizidisha, maji yanachuruzika yanabeba uchafu hadi sakafuni. Kisha pembe zinainuliwa polepole, upande mchafu unakunjiwa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, hadi kibaki kifurushi kinachofungwa kwa utepe wa gundi na kuingia mfukoni. Ukiinua pembe moja kwa haraka, hewa inaingia chini, nailoni inapiga kofi, na kazi ya siku nzima inaruka hadi kwenye kitanda cha mtoto.

Haya nimeyaandika kwa sentensi chache na wewe umeyaelewa. Lakini je, ukipewa nailoni sasa hivi, utaikunja? Hutaikunja. Utaivuta. Kila fundi niliyemwona akifanya kwa mara ya kwanza anaivuta, kwa sababu mkono wake umezoea turubai la saruji, na turubai la saruji unalikung'uta nje ukaendelea na maisha. Mkono haubadiliki kwa kusoma. Unabadilika mtu akikupigia kelele, "Taratibu, bwana!", ukarudia tena na tena. Na mkono husahau. Ndiyo maana pakawa na kozi ya marudio. Kumwondolea fundi mazoezi kwenye marudio ni kuondoa kile hasa alichokuja kurudia.

Utetezi ulikuwa kwamba safari ya darasani ni gharama, na fundi wa mbali anapoteza siku ya kazi. Hoja ya umbali nisiambiwe mimi. Niko Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Umbali tunaujua vizuri kuliko mtu yeyote wa Chicago. Dawa yake ni mkufunzi kupanda treni na bunda la nailoni, awafuate mafundi 20 walipo. Anayesafiri awe mwalimu.

Wasomaji wa zamani mnajua nilivyo na neno na vyeti. Nchi yetu imejaa watu wenye semina ukutani: soda, bahasha, picha ya pamoja, cheti chenye nembo tatu. Mtu huyohuyo kesho unamkuta mtaa wa Mwanga hapa Kigoma na barakoa ya kitambaa kidevuni, anapiga msasa mkavu dirisha la mwaka gani sijui, na saidia fundi wake, kijana wa miaka 16, amesimama chini yake mdomo wazi. Nimelisema hili hadi nimechosha watu, nami nalisema tena: barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi.

Wazee waliijua hatari ya rangi yenye risasi. Mwaka 1904 huko Brisbane, Australia, daktari wa macho aitwaye John Lockhart Gibson alisimama akasema watoto wa Queensland wanapata sumu kutoka kwenye rangi ya vizuizi vya baraza na kuta za vyumba. Jua kali linaifanya rangi kuwa unga, mtoto anashika, anapeleka mkono mdomoni. Hakuwa na mashine ya kupima kama za leo. Alikuwa na macho, na aliyatumia. Mwaka 1922 Queensland ikaidhibiti rangi hiyo kisheria pale mtoto anapoweza kufikia.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wake namba 13 kuhusu risasi nyeupe katika upakaji rangi. Usomeni. Umetaja vumbi la kupiga msasa mkavu na kukwangua, ukataka hatua zichukuliwe kulizuia. Umetaka mpaka rangi apate mahali pa kunawa wakati wa kazi na baada ya kazi, avae ovaroli, na nguo zake za kawaida zisichafuliwe. Umekataza vijana walio chini ya miaka 18. Karne imepita, na ukiushika mkataba ule ukasimama mbele ya jengo lolote linalokarabatiwa mjini kwetu, utapata mengi ya kuandika. Hapa fundi anamaliza kazi, anashuka ziwani kuoga, na nguo zake anafua mkewe kwenye beseni moja na za watoto.

Ujiji, hapa jirani na Kigoma mjini, tusiogopeshane ovyo, lakini. Nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa haina shida hii ukutani. Chokaa ni chokaa. Angalia milango, fremu, mbao za madirisha, popote palipopita rangi ya mafuta. Kule Kigoma mjini, stesheni ya Wajerumani na majengo ya rika lake yanatoka enzi ya 1914, wakati risasi nyeupe ilikuwa kiungo cha kawaida cha rangi ya mafuta duniani. Kwa macho huwezi kujua tabaka la chini lina nini. Wala usijidanganye kwamba nyumba ya juzi iko salama: taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam imepima zaidi ya mara moja rangi za mafuta zinazouzwa nchini, ikakuta nyingine zimepita mbali kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo fundi achukulie kila rangi ya mafuta ya zamani kuwa ina risasi hadi ipimwe.

Na kwa kuwa tumewashika EPA, kuna la pili lisilonitoka moyoni. Mwaka 2011 walikataa kulazimisha sampuli za vumbi zipelekwe maabara baada ya kazi. Badala yake fundi mwenyewe anapitisha kitambaa cheupe chenye unyevu sakafuni, kitambaa kimoja kwa karibu mita 4 za mraba, kisha anakilinganisha na kadi ya kupimia weupe. Kikiwa cheusi kuliko kadi, anasafisha upya na kurudia. Kikishindwa tena, anasubiri muda wa saa moja au hadi pakauke, anapitisha kitambaa kikavu, na kazi imekwisha. Imekwisha! Mchezaji ndiye refa, na akishindwa mara mbili anapewa ushindi. Sasa unganisha uamuzi wa 2011 na ule wa 2016: mtihani unategemea jicho na mkono wa fundi, halafu mkono huo unaachwa miaka 8 bila kukaguliwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto anayecheza barazani Ujiji hilo halina tafsiri nyingine.

Chuo cha ufundi cha VETA Kigoma, OSHA ya Tanzania inayosimamia usalama kazini, na yeyote atakayewaandalia mafundi wetu mafunzo haya: chukueni mengi ya Wamarekani, hili la 2016 waachieni wenyewe. Kila marudio, fundi atandaze nailoni, alowanishe, akwangue dirisha halisi, akunje, anawe, mbele ya mkufunzi. Atakayetimua vumbi arudie. Akishindwa, arudi nyumbani bila cheti, hata kama picha ya pamoja imeshapigwa.