Insulini Nyumbani Pasipo na Jokofu

Katika kambi ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, wagonjwa wa kisukari walikuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku, na baadhi yao zaidi ya mara moja kwa siku, ili wadungwe sindano ya insulini, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na jokofu, ilhali waraka uliomo katika kila kasha la dawa hiyo waamrisha kwamba ihifadhiwe baina ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliamua kuitia amri hiyo katika mizani, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yawahusu moja kwa moja watu wa Gitega na Muyinga nchini Burundi, ingawa hakuna aliyewataja.

Uzuri wa kazi ile ni mahali ilipoanzia. Hawakuanza na maabara bali na makazi yenyewe, wakapima joto la kambini na kuona kwamba hushuka hadi nyuzi 25 usiku na kupanda hadi 37 mchana. Kisha huko Geneva wakaiweka insulini katika joto lenye kupanda na kushuka vivyo hivyo, wakaichunguza kwa vipimo vya kikemia, na fauka ya hayo wakaijaribu juu ya chembe hai ili wajue kama bado yafanya kazi yake mwilini. Baada ya majuma manne, nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, sawasawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Hakuna nyumba yenye nyuzi 37 usiku na mchana, na kupima joto lisilobadilika, kama ilivyo ada ya viwanda, ni kujibu suala ambalo mgonjwa hakuliuliza.

Insulini ni protini ndogo ya asidi-amino 51, katika minyororo miwili iliyofungamana na kujikunja kwa umbo maalumu, na nguvu yake yote imo katika umbo hilo. Joto kali la muda mrefu, mwanga wa jua na mtikiso hulikunjua taratibu. Lakini barafu huiharibu mara moja, na hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi, kwani dawa iliyoganda ikayeyuka yaweza kuonekana safi kabisa machoni na isiwe na faida yoyote.

Sasa tuipandishe hoja hii mlimani. Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na Muyinga juu zaidi, na hewa ya miji hiyo miwili si ile ya Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Chumba chenye kivuli na dirisha aghalabu hakifikii hata lile joto la usiku la Dagahaley. Kwa hiyo mwenye kutumia chupa moja hadi iishe hana sababu ya kuhuzunika kwa kukosa umeme. Adui wake ni bati lililo wazi bila dari, rafu iliyo karibu na jiko, na kioo cha mbele cha gari katika safari ya Gitega hadi Muyinga kwa njia ya Karuzi, ambapo dawa yapasa kukaa ndani ya mkoba, mbali na jua na mbali na injini.

Akitaka tahadhari zaidi, mtungi wa udongo wamtosha: chupa iwekwe katika chombo kikavu ndani ya mtungi uliolowanishwa kwa nje, nao uwekwe mahali penye upepo, kwani maji yakikauka huondoka na joto. Tadbiri hii hufanya kazi vyema hewa ikiwa kavu, yaani kiangazi cha Juni hadi Septemba, na hudhoofu wakati wa masika. Wafinyanzi wa jamii ya Watwa, ambao Burundi imezoea kununua vyungu vyao huku ikiwadharau wenyewe, wana bidhaa ya tiba mikononi.

Mwenye jokofu naye asijione yu salama. Chupa isigusane na sehemu ya barafu, bali ikae katikati au mlangoni, maana umeme unaokatika na kurudi hufanya baridi isitabirike. Chupa za akiba ambazo hazijafunguliwa ndizo zenye kustahiki baridi hasa, na zaweza kubaki katika kituo cha afya.

Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe siku hiyo hiyo, na kwa kawaida isizidi majuma manne. Ikionyesha mabonge au utando kwenye kuta zake, itupwe. Na sukari ikipanda bila sababu, chupa ishukiwe kabla ya mgonjwa kulaumiwa, na mwuguzi aulizwe kabla ya kipimo kubadilishwa. Wahudumu wa vituo vya afya vya Gitega na Muyinga nawasihi wasimnyime mtu insulini ya kwenda nayo nyumbani kwa sababu tu kwamba hana jokofu.