Ukurasa wa Kimeru Uende Hewani Lini?

Nkubu iko kusini mwa mji wa Meru nchini Kenya, kwenye barabara ya kuelekea Chuka na Embu. Tovuti ya kilimo inayotaka kumfikia kila mkulima wa hapo inahitaji Kiingereza, Kiswahili na Kimeru. Kupata wafasiri ni kazi, lakini kazi ngumu zaidi huja baadaye: kuamua kila tafsiri ianze kuonekana lini, na iliyochakaa iondolewe lini.

Mfumo mmoja ulioshughulikia suala hili kwa kina ni Translate, kiendelezi cha MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia. Hukata ukurasa wa chanzo vipande vipande, mara nyingi aya moja moja, na kukipa kila kipande namba. Msimamizi huidhinisha toleo la chanzo, ndipo wafasiri huanza. Kipande cha kwanza kikihifadhiwa, ukurasa wa lugha hiyo huzaliwa papo hapo, na sehemu ambazo hazijafikiwa huonekana kwa lugha ya chanzo. Chanzo kikibadilika na toleo jipya likaidhinishwa, tafsiri za vipande vilivyoguswa huwekewa alama kuwa zimepitwa na wakati. Ikiwa kilichorekebishwa ni koma tu, msimamizi anaweza kuzuia alama hiyo, wafasiri wasisumbuliwe bure. Mfasiri anayerudi baada ya miezi mingi haanzi upya. Huziona aya zinazomngoja.

Utaratibu huu unawafaa watu wa kujitolea, maana tafsiri nusu humwalika mwingine aimalizie. Ila aya iliyopitwa na wakati huendelea kusomwa, ikiwa na alama tu. Kipimo cha dawa ya kutu ya majani ya kahawa hakiwezi kuachwa hivyo. Anayejua lugha tatu atalinganisha kurasa na kushtuka. Anayesoma Kimeru pekee hana pa kulinganisha. Atachanganya dawa kama alivyoelekezwa.

Kwa hiyo maudhui yagawanywe mafungu mawili. Maelezo yasiyobadilika haraka, kama namna ya kupogoa mibuni, yaende hewani kila lugha inapokuwa tayari. Hakuna sababu ya Kiswahili kungoja Kimeru. Vipimo, bei na tarehe za mwisho zisubiriane, zitoke kwa lugha zote pamoja. Chanzo kikibadilika, aya ya zamani ifichwe mara moja, na pahali pake pawekwe ilani ya Kimeru iliyoandaliwa mapema, inayomwelekeza msomaji kwa afisa wa kilimo.

Kuwa na chanzo kimoja ni lazima. Kwa mfano, Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 259, inasema matoleo yake ya lugha mbalimbali yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Hata hivyo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka habari za umma zisambazwe kwa kuzingatia pia lugha ya mahali. Chanzo kuwa cha Kiingereza hakumpi mhariri ruhusa ya kuisahau aya ya Kimeru.

Kuna kikwazo kingine ambacho wajenzi wa tovuti hukigundua wakiwa wamechelewa. Alama za hreflang, zinazoiarifu Google kuhusu kurasa za lugha nyingine, hutumia misimbo ya lugha yenye herufi mbili. Kiswahili kina sw, Kikuyu kina ki. Kimeru kina msimbo wa herufi tatu pekee, mer, unaokubalika ndani ya HTML lakini si katika hreflang inayosomwa na Google. Ukurasa wa Kimeru basi unahitaji kiungo kinachoonekana wazi juu ya kila ukurasa, na kiungo hicho kiwashwe siku ukurasa unapoidhinishwa, si wakati ungali rasimu.

Idhini ya mwisho isitolewe na mjuzi wa kompyuta peke yake. Msemaji wa Kimeru cha Imenti, lahaja ya eneo la Nkubu, asome kila kipimo kwa sauti, mwenzake akifuatilia kwenye chanzo, kisha wote wawili waweke majina yao na tarehe. Ukaguzi mkali zaidi uwe wa lugha ambayo msomaji wake hana ukurasa mwingine wa kukimbilia.