Simu Inayojua Maneno Yetu

Tumezoea kuhakiki vitabu, tamthilia na nyimbo, na tukimaliza hayo tunaona kazi ya mhakiki imekwisha. Lakini kitu ambacho Watanzania wengi wanakisoma kila siku, tangu alfajiri hadi usingizi unapowachukua, hakina mhakiki. Kitu hicho ni simu janja, hasa ile ya bei ya chini inayotumia Android, ambayo ndiyo iliyomo mkononi mwa mwalimu, mvuvi, mama lishe na kijana wa bodaboda. Ina lugha yake na mpangilio wake. Ina mambo inayoyasema waziwazi na mengine inayoyaweka kando. Sioni kwa nini isihakikiwe.

Katika miaka yangu ya chuo cha ualimu nilikaa nyuma ya madarasa mengi nikiwatahini walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kazi hiyo humfundisha mtu kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna mwalimu anayejua lugha ya wanafunzi wake, na kuna mwalimu anayejua hali yao. Yule wa kwanza atasema Kiswahili fasaha, kisha atatoa kazi ya usiku kwa watoto ambao kwao kibatari huzimwa mara baada ya chakula. Yule wa pili huuliza kwanza. Simu yangu nimeitahini kwa kipimo hicho, na hukumu naitoa mapema ili msomaji aipime njiani: umbo la simu hii lilitengenezwa na watu waliotazama hali yetu, lakini yaliyomo ndani yake yaliandikwa na watu waliojifunza maneno yetu tu.

Niliinunua mwaka 2023 kwa shilingi 210,000. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si za kiwanda kimoja.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyeona jema hana haki ya kutaja baya. Ina nafasi ya laini mbili. Mtu asiyeishi huku anaweza kuona hilo ni anasa, lakini sisi tunajua kwamba mtandao unaoshika vizuri barabarani unaweza kupotea ukishaingia shambani. Betri yake hunifikisha siku ya pili. Umeme unapokatika hapa Kerege, tochi yake hutuonyesha njia ya jikoni. Redio yake haitaki bando. Unachomeka hedifoni, waya wake ukawa ndio antena, na taarifa ya habari unaisikia bila kulipa senti. Kamera nayo haiwageuzi watu weusi kuwa vivuli. Hayo hayakuja kwa bahati. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye chapa za Tecno, itel na Infinix, ilijenga soko lake barani Afrika kwa mambo kama hayo: laini zaidi ya moja, betri za kudumu, na kamera zilizorekebishwa zipate sura za watu weusi. Wengine waliokuja sokoni wamelazimika kufuata. Huo ni ushahidi kwamba mtengenezaji akitaka kutujua, anaweza.

Sasa tufungue ndani. Lugha nimeichagua iwe Kiswahili, na kwa sehemu kubwa Kiswahili chake kinastahili pongezi. Neno “sasisha” limeundwa vizuri kutokana na “sasa”, na mtoto hulielewa bila kufundishwa. “Pakua” na “pakia” ni maneno ya pwani kabisa: tumeyatumia kwa jahazi na kwa chungu cha wali, na sasa tunayatumia kwa picha na barua. “Ghairi” ni neno zuri kuliko yote. Linampa mtu heshima ya kubadili nia. Katika simu niliyokuwa nayo kabla ya hii niliwahi kukuta kitufe kimeandikwa “Lemaza”, maana yake programu isifanye kazi. Hapo mfasiri aliteleza. Kulemaza ni kumvunja mtu kiungo, na hakuna anayelemaza saa au taa, tunazima. Hata hivyo hayo ni madogo, na mengi yamekuwa yakirekebishwa.

Kasoro kubwa ya lugha imo kwenye kibodi. Andika neno “nitakapowaandikia”. Mwanafunzi wa sarufi atakuonyesha humo vipande saba: nafsi, wakati, kirejeshi, mtendewa, mzizi, kinyambuo na kiishio. Neno halina kosa lolote. Lakini kibodi yangu hulipigia mstari mwekundu, kama mwalimu mkali aliyekariri kamusi bila kujua sarufi. Hukubali “andika”, hukubali “kitabu”, kisha hukataa maneno yale yale ambayo ndiyo yanayokifanya Kiswahili kiwe Kiswahili. Mara nyingine haiishii kwenye kukataa. Huigeuza “mimi” kuwa neno la Kiingereza kabla sijainua kidole. Mtu mzima hucheka akaendelea. Namhofia mtoto wa darasa la tano, ambaye ataamini kwamba chenye mstari mwekundu ni kosa.

Hayo yote bado ni maneno. Kwenye hali ndiko mtihani unakokuwa mgumu.

Kwenye boksi iliandikwa kwamba simu ina nafasi ya gigabaiti 32. Siku ya kwanza, kabla sijapiga hata picha moja, 15 kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe pamoja na programu zilizokuja nao. Miongoni mwa hizo kulikuwa na michezo miwili na duka ambalo sijawahi kununua kitu ndani yake. Baadhi haziondoki. Unaweza kuzizima tu, zikabaki zimelala palepale. Ni kama kupanga chumba ukakuta mwenye nyumba ameacha makabati yake ndani, naye hataki yaguswe, na kodi unalipa ya chumba kizima.

Kisha kuna suala la bando. Simu yangu hutofautisha data ya laini na Wi-Fi, nayo huamini kwamba Wi-Fi ni mto usiokauka. Kule ilikoandikiwa, Wi-Fi huingia nyumbani kwa waya na hulipiwa mwisho wa mwezi, utumie kidogo au kingi. Kwetu Wi-Fi mara nyingi ni kile kirauta cha mfukoni chenye laini ndani yake, na laini hiyo ina bando la kuhesabu kama laini nyingine yoyote. Binti yangu akija na chake, simu huona Wi-Fi na kuanza kusasisha programu zake zote, na bando la wiki huisha kabla hatujamaliza chai. Dawa ipo: katika mipangilio unaweza kuieleza simu kwamba mtandao huo una kikomo. Lakini swali hilo lilipaswa kuulizwa na simu siku ya kwanza, si kuchimbuliwa na mnunuzi chini ya vichwa vinne vya mipangilio.

Nikiri haki ya upande wa pili. Google walitangaza mwaka 2017 toleo jepesi la Android liitwalo Go, lililokusudiwa simu zenye kumbukumbu ndogo, pamoja na programu nyepesi za kwenda nalo. Nia ilikuwa njema. Lakini programu hukua kila mwaka, na simu haikui. Mnunuzi wa simu ya bei ya chini hununua chumba ambacho kuta zake husogea ndani kila mwaka.

Mwaka 2025 nilitakiwa kupakua programu ya kuwahakiki wastaafu, ili ijulikane kwamba ningali hai. Simu ikajibu kwamba nafasi haitoshi, nayo kwa ukarimu ikaniletea orodha ya vitu vya kufuta. Juu kabisa ya orodha hiyo walikuwamo marafiki zangu: jumbe za sauti zaidi ya mia mbili ambazo hazikuwa zimefunguliwa kwa muda mrefu. Nyingi zilitoka kwa mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Mlingotini, aliyefariki mwaka 2021. Kabla ya kufariki alikuwa na desturi ya kunitumia kwa sauti majina ya mambo ya uvuvi: sehemu za dema, namna ya kusuka wando, juya linavyovutwa, na majina ya maji kufuatana na mwezi. Nilizihamisha kutoka simu ya zamani zote. Baadhi ya maneno yake sijayaona katika kamusi yoyote niliyo nayo.

Hapo ndipo nilipoielewa simu yangu. Chombo kilichoandikwa kwa Kiswahili kilikuwa kinanishauri, kwa Kiswahili safi, nikifute Kiswahili, ili kibakize michezo miwili nisiyoicheza. Kwa hesabu yake, kisichofunguliwa siku nyingi ni taka. Kwa hesabu ya mtu wa umri wangu, visivyofunguliwa siku nyingi ndivyo vilivyowekwa. Nilikwenda kwa fundi simu pale stendi ya Kerege, nikanunua memori kadi, akanihamishia jumbe zote, na programu ya wastaafu ikapata nafasi. Lakini fikiria mwingine asiyekuwa na fedha ya kadi siku hiyo. Pensheni ni chakula. Angefuta.

Neno la mwisho ninalotaka kulihakiki ni “Ruhusu”. Kila programu mpya huuliza: niruhusu nione mahali ulipo, niruhusu nisome majina uliyohifadhi. Kwa Kiswahili chetu ruhusa huombwa na anayeweza kunyimwa akaondoka bila kinyongo. Programu nyingi ukizinyima hukaa tu mlangoni, hazifanyi kazi uliyozitakia. Madhara yake tumeyaona katika programu za mikopo. Mtu hukopa shilingi elfu chache, huruhusu majina yasomwe, na akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha hutumwa kwa ndugu, kwa bosi wake na kwa majirani. Nami nimewahi kuupokea, kuhusu mzazi mmoja ambaye kosa lake kwangu lilikuwa kuihifadhi namba yangu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ilianza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria inafika baada ya kidole kubonyeza, na kidole hubonyeza kwa sababu kioo hakikusema ruhusa hiyo itatumikaje.

Najua nitajibiwa: umenunua cha rahisi, ulitaka nini? Jawabu hilo lingekuwa zito kama tusingekuwa na mfano wa kinyume chake. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Mpaka leo unabonyeza *150*00# kwenye simu yoyote, hata ya vitufe yenye ufa, na orodha inakuja. Haitaki bando, haichukui nafasi ya kuhifadhi, haiombi kusoma majina ya ndugu zako. Ni huduma ya watu wa kipato kidogo, nayo haikufanywa kwa dharau. Walioibuni walianza kwa kuuliza mtu wa kawaida ana nini mkononi, ndipo wakajenga. Urahisi wa bei si udhuru wa kutouliza.

Basi nini kifanyike? Boksi liandikwe nafasi anayobakiwa nayo mnunuzi, si ile ya kiwandani, kama gunia linavyopaswa kuuzwa kwa uzito wa mchele uliomo. Kila programu isiyo ya lazima iweze kuondolewa na mwenye simu. Simu iulize mapema iwapo mtandao una kikomo. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967 na ambalo huthibitisha lugha ya vitabu vya shule, litazame pia kitabu hiki kinachosomwa kuliko vyote, hasa kibodi yake inayowaambia watoto kwamba vitenzi vyao ni makosa.

Nikijaza fomu ya tathmini kama zamani, kwenye lugha ningeandika “vizuri”, na kwenye kuifahamu hali ya mwanafunzi ningeandika “hafifu”. Mwalimu wa namna hiyo sikuwa nikimfukuza, kwa kuwa aliye na lugha ana mlango wa kuingilia. Nilimpa wiki mbili awatembelee wanafunzi wake nyumbani kwao, akae nao, aone taa yao inazimwa saa ngapi. Kisha arudi afundishe somo lile lile upya.