Maji Yasiyotulia

Beulah, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, kuna kiwanda ambacho tangu 1984 kinageuza makaa ya mawe kuwa gesi. Ni makaa ya kahawia, laini, yenye unyevu mwingi. Hushuka kutoka juu ya tanuru la aina ya Lurgi, huku mvuke na oksijeni vikipanda kutoka chini, na kabla hayajaufikia moto wenyewe huwa yameshaokwa taratibu na kutoa lami, mafuta, amonia na fenoli. Gesi inapopozwa, mvuke hurudi kuwa maji, na maji hayo huchukua karibu kila kinachoyeyuka. Secunda, Afrika Kusini, ambako matanuru ya ukoo huohuo yanazidi 80, mambo ni yaleyale. Lita moja ya maji hayo yaweza kubeba gramu kadhaa za fenoli, ile dawa ambayo Joseph Lister aliitumia kuulia vijidudu vidondani kule Glasgow mwaka 1865. Mtu aliyewahi kuoga na sabuni ya kaboliki angeitambua harufu yake hata akiwa amefumba macho.

Kuyapima maji haya ni ufundi, na ufundi huo huanzia bombani, mbali na maabara. Maji hutoka ya moto. Yakimiminwa hivyohivyo, amonia na gesi nyingine huruka kabla kizibo hakijafungwa, na kitakachopimwa kesho ni masalia tu. Kwa hiyo mchukuaji sampuli hodari huyapitisha kwanza kwenye mrija uliozungushwa ndani ya maji baridi. Chupa zake ni kadhaa, na kila moja ina masharti yake. Ya fenoli ni ya kioo, nayo hutiwa asidi ya sulfuriki mpaka pH ishuke chini ya 2, ili bakteria wasiile fenoli njiani. Ikihifadhiwa hivyo kwenye ubaridi, inaweza kungoja hadi siku 28. Ya sianidi inataka kinyume chake kabisa. Asidi ingeifanya sianidi itoke kama gesi, takwimu ikapotea na aliyeshika chupa akahatarisha uhai wake. Hiyo hutiwa sodiamu haidroksaidi mpaka pH ipite 12.

Na hapo bado. Maji ya gesi yana sulfidi, na sulfidi ikiachwa ndani ya chupa huigeuza sianidi kuwa thayosianeti. Basi kwanza huchovywa karatasi ya asetati ya risasi. Ikiwa nyeusi, sulfidi ipo, na lazima iondolewe palepale kwa unga wa kaboneti ya risasi na kuchujwa upesi. Bomba ni moja na dakika ni zilezile, lakini amri za chupa hizi zinapingana. Anayeziheshimu zote, huku mvuke ukimpiga usoni, namstahi kuliko anayebonyeza vitufe vya mashine ya bei kubwa, ingawa ripoti ikitoka ni huyu wa pili anayetajwa.

Ndani ya maabara, fenoli hupimwa kwa rangi. Njia iliyozoeleka inatokana na kazi ya mwanakemia Emerson ya mwaka 1943: maji hufikishwa kwenye pH ya 10, hutiwa 4-aminoantipirini, kisha ferisianidi ya potasiamu, kwa mpangilio huohuo. Wekundu hujitokeza, na spektrofotomita huusoma kwenye nanomita 510. Tatizo ni kwamba maji ya gesi huja na rangi yake mwenyewe, kwa hiyo kwanza hukenekwa: huchemshwa, mvuke ukapozwa na kukusanywa upande wa pili. Mililita 500 zikiwekwa, hukusanywa 450, moto ukazimwa. Mpimaji hungoja mchemko utulie, huongeza mililita 50 za maji ya vuguvugu, huwasha tena, na kuendelea mpaka zitimie 500. Mwenye haraka huiona hatua hii ni ushamba. Kumbe fenoli ni nzito kuondoka, na sehemu yake hubaki nyuma kwenye zile mililita za mwisho. Anayekatisha njiani hupata jibu zuri, lenye desimali zake, lakini si la maji yale.

Isitoshe, kipimo hiki kinataka miligramu chache tu kwa lita. Maji yenye gramu kadhaa hupunguzwa nguvu mara elfu, na kosa la tone moja la pipeti nalo huzidishwa mara elfu.

Hata hayo yote yakifanywa sawasawa, njia yenyewe ina upofu wake. Para-kresoli, ambayo maji ya makaa huwa nayo, haitoi rangi na aminoantipirini. Katekoli haipandi na mvuke, hubaki chini ya chupa ya kuchemshia. Ndiyo maana mpimaji makini haandiki "fenoli zote" akaishia hapo. Huandika na njia aliyotumia, ili msomaji ajue kipi hakikuonekana.

Njia ya kuumulika upofu huo ni hitaji la oksijeni. Maji huchemshwa kwa saa 2 pamoja na dikromati ya potasiamu na asidi kali, kwenye nyuzi 150 za Selsiasi, kila kinachoweza kuungua kikaungua. Dikromati iliyobaki hupimwa kwa bureti, tone kwa tone, mpaka ubuluu wa kijani ugeuke wekundu wa hudhurungi mara moja. Halafu unakuja uhasibu. Gramu 1 ya fenoli hudai gramu 2.38 za oksijeni, na kila kampaundi iliyopimwa ina deni lake linalojulikana. Madeni yakijumlishwa na kulinganishwa na jumla ya dikromati, pengo linalobaki ni la kitu ambacho hakijapewa jina. Na pengo halisi huwa kubwa kuliko linavyoonekana, maana piridini, nayo imo, huikataa dikromati.

Donald Mohr na C. Judson King wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilifuatilia pengo hilo. Katika kazi waliyoichapisha 1985 waliyagawa maji ya namna hii mafungu mafungu kwa kromatografia, kisha wakalichunguza kila fungu kwa kromatografia ya gesi na kipima-masi. Miongoni mwa waliyoyakuta ni dimethilihaidantoini. Kampaundi hii haihitaji tanuru ili izaliwe: asetoni, sianidi, amonia na kaboni dayoksaidi vikikaa pamoja ndani ya maji, huungana vyenyewe taratibu, kwa mmenyuko ambao wanakemia waliujua tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa maneno mengine, maji ya saa ile ya kutoka bombani na maji ya wiki moja baadaye ni maji mawili. Kwa hiyo lebo ya chupa huandikwa saa yalipochotwa na joto lake, pamoja na tarehe, na mpimaji hukataa chupa isiyo na saa. Haidantoini yenyewe huyapenda maji mno kiasi kwamba viyeyushi vya kukamulia fenoli havitoki nayo, na bakteria wa bwawa la kusafishia huila kwa kusuasua.