Orion Ilipimwa kwa Midoli

NASA wasitafute kisingizio: kukipeleka chombo cha Orion mwezini Novemba 2022 bila mfumo kamili wa hewa lilikuwa kosa, tena la kujitakia. Moduli ya huduma ya Ulaya ilifanya kazi safi, hongera zao. Lakini kitini alikaa Moonikin Campos, na pembeni Helga na Zohar. Midoli mitatu, na hakuna hata mmoja anayepumua.

Mtu mmoja hutoa karibu kilo moja ya kaboni dioksidi kwa siku. Kuiondoa, Orion haina makopo ya lithiamu ya kubadilishwa kwa mkono kama Apollo. Ina vyumba viwili vya punje za amini: kimoja kikinasa gesi na unyevu, kingine hufunguliwa kwenye ombwe kijisafishe, kisha vinapokezana zamu. Zamu hizo hugeuzwa na vali, kwa hiyo roho ya mfumo mzima iko kwenye vali. Na Januari 2024 tukaambiwa nini? Saketi za kuendeshea vali zimefeli kwenye majaribio ya ardhini ya vifaa vya safari ya Artemis III, na za aina hiyo hiyo zimeshafungwa kwenye chombo cha Artemis II, safari ya kwanza ya Orion yenye watu!

Hapa Changamwe kontena la friji halipakiwi parachichi kabla halijawashwa na kupimwa yadini. Parachichi, jamani.

Watetezi watasema amini ilijaribiwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Sawa, lakini kule kuna mtambo mwingine wa kusafisha hewa. Orion ilirushwa kama setilaiti, kama Uhuru ya 1970 kule Ngomeni, ambayo haikudai pumzi ya mtu.

Wazee wa mradi wa Mercury walijua. Tarehe 31 Januari 1961 walimrusha sokwe Ham. Vali ya hewa ikafunguka kwa mtikisiko, shinikizo la kabini likaanguka kutoka pauni 5.5 hadi 1 kwa inchi ya mraba. Ham akapona kwa sababu kasha lake lilikuwa na hewa yake. Dosari ikaonekana kabla mwanaanga Shepard hajapanda.

Safari hii kazi ya Ham wakapangiwa wanaanga wa Artemis II: Wiseman, Glover, Koch na Hansen. Ndiyo maana ratiba yao ikawekewa karibu siku nzima ya kuizunguka dunia kwanza, wapime hewa wakiwa bado karibu na nyumbani. Kipimo hicho kilikuwa na nafasi yake 2022, siku 25 nzima.